Vitone vya Penseli Juu ya Kwa Tluway

Kabla hamjajifunza kusoma tetemeko, jifunzeni kusoma ng'ombe. Mimi sikujifunza, na mwezi wangu wa kwanza kazini niliripoti matetemeko karibu thelathini huko Olbalbal, moja kila siku, yote saa kumi jioni. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri. Nilidhani nimegundua jambo.

Mkuu wangu, Bwana Kasimu, akaisoma ile karatasi, akavua miwani.

"Boay," akasema, "ardhi haina saa ya kutoka kazini. Nenda kaangalie ni nini kinachopita pale saa kumi."

Nikaenda. Nikakaa kwenye vumbi la ile tambarare mpaka nikawaona ng'ombe kama mia mbili wakirudi kutoka majini, na njia yao ilipita hatua kumi tu kutoka kwenye shimo nilimofukia chombo. Nyuma yao alikuwa mama mmoja wa Kimaasai na fimbo yake. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamweleza kwamba humo ardhini mna mashine inayosikia kila kinachotikisa udongo, na kwamba habari zake zinapelekwa Arusha.

"Kwa hiyo huko Arusha wanajua ng'ombe wangu wanakunywa maji saa ngapi?"

"Wanajua, mama."

"Basi waambie na maji yenyewe yanakwisha."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, nikaona ni utani mzuri wa kwenda kumsimulia Bwana Kasimu. Sasa nikimkumbuka yule mama sicheki. Alikuwa ameielewa kazi yangu vizuri zaidi kwa dakika tano kuliko nilivyoielewa mimi kwa miaka ishirini na tisa. Tulikuwa tukijua mambo, tukiyapeleka mbali, na hakuna kilichorudi.

Nyie mnaoanza sasa mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nimekubali kwa sababu mmoja wenu aliniambia anapangiwa kwenda upande wa Kwa Tluway, na nikaona si haki aende bila kuambiwa.

Bwana Kasimu alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyehamia Karatu tangu zamani. Kaka zake walikuwa na duka la vitambaa mjini, yeye peke yake akakataa kaunta, akaenda kufukia mashine maporini. Alinifundisha kila kitu nilichowahi kukijua. Kwamba shimo lichimbwe mpaka ufike mwamba, na ukikosa mwamba usidanganye, andika kwamba hukuufikia. Kwamba pimamaji liwekwe juu ya chombo mara tatu, maana mara ya kwanza unapima chombo, mara ya pili unapima haraka yako. Kwamba waya upitishwe ndani ya bomba, kwa sababu fisi wa Ngorongoro hutafuna waya kama mtoto anavyotafuna muwa. Tuliwahi kupoteza wiki mbili za kumbukumbu, tukaenda kukagua, tukakuta waya umekatwa vipande vipande na kinyesi cheupe juu yake. "Huyu naye ameacha ripoti," akasema Bwana Kasimu.

Ukishafukia chombo, ruka. Hatua tano kutoka shimoni, ruka mara kumi, kisha kaangalie kama kalamu ya mashine imechora miruko kumi. Siku moja nilikuwa naruka hivyo kando ya barabara ya kupanda kreta, gari la watalii likasimama. Wazungu wakatoa kamera. Nikamsikia dereva, kijana wa Karatu ninayemfahamu vizuri, akiwaeleza kwa uso mkavu kwamba hii ni ngoma ya asili ya Wairaqw ya kuomba mvua. Sikuweza kuacha, nilikuwa kwenye mruko wa sita. Mpaka leo kuna nyumba huko Ulaya ina picha yangu ukutani.

Zamani tulitumia karatasi iliyozungushwa kwenye ngoma ya chuma, na kalamu ya wino ikichora mchana na usiku. Wino uliganda kwa baridi ya Juni tukaupasha kwapani. Nyie mna kadi ndogo kama ukucha. Sina ugomvi nayo. Ila karatasi ilikulazimisha ukae nayo, na kukaa nayo ndiko kulikotufundisha hesabu moja ambayo msiisahau. Tetemeko hutuma wimbi la kwanza, lenye haraka, linalogonga tu. Halafu linakuja la pili, zito, linaloyumbisha. Hesabu sekunde zilizo kati yao, zidisha kwa nane, utapata kilomita mpaka lilikotokea. Ukiwa na vituo vitatu unachora duara tatu kwa bikari juu ya ramani, na zinapokutana unaweka kitone cha penseli.

Tulikuwa na vituo vitatu: kimoja Olbalbal, kimoja mlimani juu ya Karatu, kimoja kule chini upande wa Eyasi. Vitone vingi viliangukia tulikotegemea, kwenye kuta za Bonde la Ufa ambazo kila mtoto wa shule anazijua. Lakini vingine, vidogo sana, vya matetemeko ambayo hakuna mtu aliyeyasikia, vilikuwa vikiangukia mahali ambapo ramani haikuwa na ufa wowote. Mwaka wa kwanza nilivifuta, nikidhani nimekosea duara. Bwana Kasimu akanikataza. "Usifute kitu kwa sababu hukukitegemea." Mwaka wa nne vilikuwa mstari. Ulipita chini ya kilima kirefu, kisicho na jina, juu ya kijiji cha Kwa Tluway.

Kwa Tluway ni kijiji cha wakulima wa mahindi na maharage, watu wetu Wairaqw, na kaka yangu mkubwa alioa na kujenga huko. Kwa hiyo niliijua vizuri njia. Baada ya mvua kubwa za mwaka mmoja korongo lilikuwa limekata kile kilima katikati, tukaenda na Bwana Kasimu kutazama ukuta wake. Chini kulikuwa na udongo mweusi wa juzijuzi, una maganda ya konokono bado. Juu yake, badala ya udongo mwingine, ulikuwa umelala mwamba wa kijivu, mzee kuliko chochote kilichokuwa pale.

"Mwamba mzee umempanda udongo kijana," akasema. Akaweka viganja vyake viwili kimoja mbele ya kingine, akavisukuma mpaka kimoja kikapanda juu ya mwenzake. "Kila mahali hapa ardhi inaachana. Hapa inasukumana. Ndiyo maana hakuna aliyeutafuta ufa huu. Hawakutegemea uwepo."

"Ni wa hatari?"

"Sijui. Vidogo tunavyovisikia ni kukohoa tu. Huu umewahi kunyanyua mwamba huu wote, Boay. Haukuunyanyua kwa kukohoa."

Tukaandika Arusha. Ramani, vitone, picha za korongo. Majibu yalikuja baada ya miezi mingi, barua ya mistari minne: nyanda zenu ziko kwenye Bonde la Ufa, ardhi huko inavutwa, haisukumwi, kagueni mitambo yenu. Bwana Kasimu akaisoma kwa sauti, akaikunja. "Basi na korongo nalo ni bovu. Likapelekwe kwa fundi."

Tuliandika tena mara tatu. Barua ya mwisho ilikuwa na onyo kwamba watumishi wasitangaze kwa wananchi mambo ambayo hayajathibitishwa, wasije wakaleta taharuki. Bwana Kasimu akastaafu. Mimi nikabaki na vitone, nikiongeza kila mwezi, na nikaacha kuandika. Nataka mlisikie hili vizuri. Hakuna aliyenifukuza wala kunitisha. Nilichoka tu kujibiwa vibaya.

Kaka yangu alifariki, akamwachia mkewe Paskalina watoto na shamba. Paskalina alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kwaya, aliyeweza kupalilia ekari huku anakemea mbuzi wa jirani kwa wimbo. Aliishi kwenye nyumba ya miti na udongo aliyoijenga na kaka. Miaka mingi alikuwa akifyatua matofali kila kiangazi, anayachoma, anayapanga, anayafunika kwa majani. Jumapili moja baada ya misa nikamkuta amesimama kwenye msingi uliochimbwa, sketi imejaa udongo, anang'aa.

"Shemeji," akasema, "watu wote wananiambia wewe ndiye mwenye matetemeko. Sasa niambie kabla fundi hajaanza. Hapa pako salama?"

Nikatazama juu ya kichwa chake. Kilima kilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Nilijua idadi ya vitone vilivyokuwa chini yake kama ninavyojua vidole vyangu. Nilijua pia kwamba ile nyumba ya miti aliyotaka kuigeuza jiko ingeweza kuyumba kama kikapu na kusimama tena. Barua ya onyo ilikuwa kwenye kabati langu. Na yeye alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake tangu tumzike kaka.

"Jenga, shemeji," nikasema. "Matetemeko ya huku ni madogo."

Haikuwa uongo. Yote niliyoyapima yalikuwa madogo. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima ya kurudi.

Nyumba ikasimama, nzuri, vyumba vinne, bati jekundu. Matofali yaliunganishwa kwa udongo, saruji ilitumika mbele tu, panapoonekana. Pande mbili ukuta ulipanda mpaka juu ukafanya pembetatu ya kubeba paa, matofali matupu, bila linta ya zege, bila kitu cha kuyashika. Nilikula chakula cha ubatizo wa mjukuu wake humo ndani. Niliketi kwenye kiti nikatazama ile pembetatu wakati wote wa chakula.

Nilikwenda kumwona Bwana Kasimu alipokuwa mgonjwa, nyumbani kwake nyuma ya soko la Karatu. Alikuwa amepungua mpaka saa ilizunguka mkononi. Hakuniuliza habari za familia. "Vitone bado vinaongezeka?"

"Vinaongezeka, mzee."

"Watu wa pale umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Alifariki kabla ya Ramadhani. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia.

Siku yenyewe nilikuwa mjini Karatu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nanunua bomba la kupitishia waya. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwenye duka, Bwana Saidi, alikuwa amepanda ngazi ananishushia bomba nikasikia kishindo chini ya miguu, kama lori limegonga ukuta wa nyuma. Makopo ya rangi yakalia. Watu walishangaa. Mimi nilianza kuhesabu. Sikuamua kuhesabu, mdomo ulianza wenyewe, mazoea ya miaka yote ile. Moja. Mbili. Kabla sijafika tatu, la pili likaja. Sakafu ikayumba, rafu ikamwaga misumari, Bwana Saidi akaning'inia kwenye ngazi akimtaja Mungu.

Mbili na nusu mara nane. Ishirini.

Likatulia. Watu wakatoka mabarabarani, na baada ya muda mfupi wakaanza kucheka, unajua vile watu wanavyocheka wakigundua bado wako hai. Wapo waliopiga picha za nyufa. Bwana Saidi akatoka na bomba langu bado mkononi. "Boay! Limepita. Mbona umekaa chini?"

Kutoka pale mlangoni mwa duka lake mpaka Kwa Tluway ni kilomita ishirini. Katika mji mzima, katikati ya watu wote wale waliokuwa wakishukuru, ni mimi peke yangu niliyejua limetoka wapi.

Nikampigia mtoto wa kaka, Danieli, mara sita, simu haiiti. Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nikiifanyia ile hesabu ujanja. Labda nilihesabu polepole mno. Labda ilikuwa tatu na nusu, na tatu na nusu inakupeleka mbali zaidi, porini, kwa fisi. Yule kijana wa bodaboda aliniuliza mara mbili kama nasali.

Nyumba tatu zilikuwa zimeanguka na nyingi zimepasuka. Wengi walikuwa shambani, hiyo ndiyo bahati waliyoizungumza redioni jioni. Paskalina alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya goti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta maharage kwenye kivuli cha ukuta wa upande. Ile pembetatu ilitoka nzima, ikamwangukia. Jiko lake la zamani, ile nyumba ya miti na udongo, lilikuwa limesimama kando, na moshi ulikuwa bado unatoka kwenye paa lake kama siku yoyote.

Walikuwa wameshamtoa na kumfunika kwa kitenge. Danieli alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Ni mtu mzima, ana watoto wake, lakini alinijia kama anavyokuja mtoto.

"Baba mdogo. Ile mashine yako haikukuambia?"

Ningeweza kumpa jibu la kitaalamu, na ni la kweli, nanyi mtalitumia: hakuna mashine duniani inayotaja siku wala saa. Lakini si hilo alilokuwa akiniuliza, na wote wawili tulijua.

"Iliniambia," nikasema.

"Lini?"

"Miaka mingi."

Alinitazama. Sikuona hasira. Ningependa ningeiona hasira. Kisha akageuka, akarudi kwenye kifusi, akaanza kuokota maharage, moja moja, anayatia kwenye ungo uliovunjika.

Wataalamu walikuja. Walikuwa watu wa heshima na wenye vyombo vizuri. Niliwapeleka korongoni, nikawaonyesha mwamba uliompanda udongo, na mmoja wao, binti mwenye kofia kubwa, alikaa chini akasema kwa mshangao wa kweli kwamba huu ni ufa wa kusukumana, iweje haujachunguzwa? Nikampa ramani yangu ya vitone. Akaishika kwa mikono miwili. Walikaa siku nne. Wakasema panahitajika utafiti wa muda mrefu. Wakaondoka, na ramani wakaenda nayo, na mpaka nastaafu hakuna aliyerudi. Kituo cha mlimani kilichosikia vile vitone vyote kimeibiwa sola na betri. Nilipopita mwezi uliopita, ndani ya sanduku kuku wa mtu alikuwa anatamia.

Mnataka niwaambie kitu cha kuwasaidia. Ninacho kidogo. Mtu akikuuliza kama mahali pako salama, na hujui, sema hujui, hata kama ana furaha, hata kama ni shemeji yako. Neno "madogo" lifuteni kwenye midomo yenu. Na mkishindwa kumhamisha mtu, mwambieni ukuta wa juu usiwe wa matofali, aweke mbao na bati, na pale kuta zinapomalizika apitishe linta yenye nondo kuzunguka nyumba nzima, iishike kama mshipi. Hayo ni ya kweli. Sidanganyi kwamba yanatosha. Nimewaambia watu wa Kwa Tluway hayo kanisani, mkutanoni, na mlango kwa mlango tangu siku ile. Wananisikiliza kwa adabu. Wananikaribisha chai. Nondo hawana.

Danieli hakusema nami kwa muda mrefu. Kisha nikasikia ameanza kujenga tena, palepale. Nikaenda. Nilimkuta ameshasafisha matofali ya mama yake, ameyakwangua udongo wa zamani kwa panga, kozi nne, mistari minne ya matofali, ziko tayari juu ya msingi uleule.

"Danieli," nikasema, "usijenge hapa."

Hakusimama. Akachota udongo, akaulaza, akaweka tofali, akaligonga kwa mpini.

"Nihamie wapi, baba mdogo?"

Akanionyesha kwa mwiko, bila haraka: juu ni msitu wa hifadhi, ukikata hata fito unashikwa. Kushoto ni shamba kubwa la kahawa. Kulia ni korongo linalokula ardhi kila masika. Mbele ni mashamba ya majirani ambao nao hawana pa kwenda.

"Niambie tu. Wewe umepima huku kote. Niambie wapi, nihame leo."

Nilisimama pale na miaka yangu ishirini na tisa. Nilijua kila mahali ambapo hapafai.

"Na linta?" nikauliza. "Angalau linta."

"Nikipata." Akanyoosha mgongo, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kitenge. "Kama umekuja kusaidia, shika hapo uzi unyooke. Kama umekuja kupima, rudi mjini."

Nikavua koti. Nikaushika uzi upande wangu, nikauvuta mpaka ukakaza, naye akaanza kozi ya tano. Tulifanya kazi mpaka jioni. Danieli ana mkono mzuri kuliko fundi wa kwanza. Ukuta ulinyooka kabisa.